Jumatatu Ina Nambari Ngapi?

Mnamo Machi 2014, takriban wafugaji 100 wa Wajir walilipwa fidia ya bima ya mifugo iliyofuata sheria za Kiislamu. Hakuna mkaguzi aliyezunguka malishoni kuhesabu mizoga. Setilaiti ilipima ukijani wa malisho kutoka angani, na kipimo kiliposhuka chini ya kiwango kilichoafikiwa, wenye bima wakastahili kulipwa.

Huduma ya namna hii hutegemea mno kazi za usuli, yaani zile ambazo kompyuta hutenda kwa ratiba pasipo mtu kubofya chochote: kupokea vipimo vipya, kuvilinganisha na vya miaka iliyopita, kutuma ujumbe kwenye simu. Katika mitambo ya Unix, mratibu mkongwe wa kazi hizo ni programu iitwayo kroni, jina linalohusishwa na neno la Kigiriki lenye maana ya wakati. Huandikiwa nambari tano: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma. Ni hiyo ya tano inayonishughulisha mimi mwanaisimu.

Kwa Kiswahili, Jumamosi ndiyo siku ya kwanza, hivyo Jumatatu imebeba tatu ndani yake. Mwanafunzi wa Wajir, anapozungumza Kisomali nyumbani, huiita Isniin, jina lililotokana na mbili ya Kiarabu. Kroni nayo huipa 1, maadamu Jumapili ni 0. Siku moja, hesabu tatu! Anayeandika 3 akikusudia Jumatatu, kazi yake itafanyika Jumatano, wala mtambo hautamwonya, kwani 3 ni nambari halali. (Alhamisi, iliyobaki na tano yake ya Kiarabu mara tu baada ya Jumatano, naiacha kwa siku nyingine.)

Kuhusu saa, hatari ni kubwa zaidi. Sisi huhesabu tangu macheo, ilhali seva nyingi hufuata saa ya ulimwengu, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Agizo la saa mbili asubuhi likiandikwa 2, ujumbe utamwamsha mfugaji saa kumi na moja alfajiri; nambari sahihi ni 5. Huo ni usumbufu tu. Lakini malipo yaliyotumwa saa saba usiku, tarehe 1 Machi, seva hiyo itayaandika ya Februari, na programu inayofunga hesabu za mwezi yaweza kumhesabu mteja kuwa hajalipia Machi.

Ningependa walimu wa kompyuta wawazoeze wanafunzi kuandika, kando ya kila ratiba, siku na saa waliyoikusudia kwa maneno kamili. Aidha, kila kazi iache kumbukumbu ya ilipoanza na ilipomalizika, kwa kuwa iliyokwama usiku haina shahidi. Wa kwanza kugundua huwa ni yule aliyengoja ujumbe usiofika. Na kazi ya kulipa, ikirudiwa baada ya umeme kukatika, sharti itazame kwanza kama mhusika amekwisha kulipwa.