S-Klasse: Gari la Wakubwa Lililowanufaisha Wote

Mwaka 1972 kampuni ya Daimler-Benz ya Stuttgart, Ujerumani, ilizindua gari lililojulikana kiwandani kwa namba W116, nalo ndilo la kwanza kupewa rasmi jina la S-Klasse, yaani daraja maalumu. Hata hivyo ukoo wake ni mkongwe zaidi, na fikra iliyouongoza ilionekana tayari katika gari la W111 la mwaka 1959.

Fikra hiyo ilikuwa ya mhandisi Béla Barényi. Ilhali wengi waliamini kwamba gari gumu kila upande ndilo linalomlinda abiria, yeye alishikilia kwamba sehemu za mbele na nyuma ziundwe ili zikunjamane, nguvu ya mgongano iishie kwenye bati, na chumba cha abiria kibaki imara katikati.

Viti vya ngozi na injini ya lita 6.9 ya toleo la 450 SEL la mwaka 1975 viliwavutia matajiri, lakini thamani kubwa ya W116 ilikuwa kwenye breki. Mwishoni mwa mwaka 1978 lilianza kuuzwa likiwa na ABS, mfumo uliobuniwa pamoja na kampuni ya Bosch ili kuzuia magurudumu yasigande. Gurudumu likiganda kwenye utelezi, tairi huserereka na usukani haufui dafu. Kwa hiyo vihisio, yaani vifaa vya kupima mwendo wa magurudumu, huiarifu kompyuta ndogo, nayo hulegeza na kukaza breki mara kadhaa kwa sekunde, gari likapunguza mwendo huku bado likimtii dereva.

Mrithi wake, W126 la mwaka 1979, ambalo usanifu wake uliongozwa na Bruno Sacco, lilipata mfuko wa hewa wa dereva mwaka 1981, nalo liliuzwa zaidi ya magari 800,000. W140 la mwaka 1991, lenye vioo vya tabaka mbili na uzito uliozidi tani 2 katika toleo la silinda 12, lilikosolewa nchini mwake kwa ukubwa uliopindukia, na kwa haki. Lakini ni katika kizazi hicho, mwaka 1995, ndipo toleo la milango miwili la S 600 lilipofungwa ESP, mfumo unaobana breki za gurudumu mojamoja gari linapoanza kuacha njia. Tangu Novemba 2014, kila gari jipya dogo la abiria linalouzwa katika Umoja wa Ulaya, hata la bei nafuu kabisa, ni lazima liwe na mfumo huo.