Askari Akitumwa Mbali, Nani Alipie Chombo Alichokiacha Nyumbani?



Safari hii tunazungumza habari ya askari. Wako watakaouliza chama cha wafanyakazi kina nini na mambo ya jeshi. Jibu letu ni fupi. Askari hana mahali pa kupelekea malalamiko yake isipokuwa kwa mkubwa wake. Mkataba Na. 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, ndio unaolinda haki ya mfanyakazi kuunda chama. Lakini kifungu chake cha 9 kinaiachia kila nchi iamue yenyewe kama haki hiyo iwafikie wanajeshi na polisi, na nchi nyingi zimeamua isiwafikie. Na askari huyo ni nani? Ni mtoto wa mchumaji chai, ni mdogo wake fundi wa kiwanda cha simenti, ni shemeji wa mlimaji wa mpunga wa Bugarama. Gharama asiyolipiwa yeye inaangukia nyumba zetu.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna kijana wa Butare. Si ile Butare ya chuo kikuu, ambayo siku hizi iko katika wilaya ya Huye, bali Butare yetu hii ya Rusizi, mkoa uliokuwa ukiitwa Cyangugu. Kijana ni askari. Amekopa, akanunua pikipiki, yaani moto kama tunavyosema huku. Akiwa likizo anaipanda mwenyewe, na akiwa kambini nduguye anabebea abiria mpaka Kamembe. Siku moja inakuja amri: jiandae, kikosi kinakwenda nje, mwaka mzima au karibu yake. Amri ya jeshi haijadiliwi. Kijana anafunga begi na kuondoka.

Moto inabaki. Hapo ndipo hesabu inapoanza, na tunawaomba wasomaji waifuate polepole, kwa sababu watu wengi hudhani chombo kisichotembea hakili kitu. Kinakula sana. Deni la mkopo halijui kwamba mwenye moto yuko vitani. Mwisho wa mwezi linadai. Bima nayo ina tarehe yake. Betri ikikaa miezi bila kuchajiwa inakufa. Petroli iliyoachwa ndani ya tangi inaharibika na kuziba kabureta. Matairi yaliyosimama mahali pamoja yanapasuka pembeni, na kwa mvua za huku kwetu, karibu na msitu wa Nyungwe, mnyororo unashika kutu upesi. Ikiwa nduguye anaiendesha, kuna ajali na faini. Ikiwa haendeshi, lazima ilazwe mahali penye paa na kufuli, na mwenye paa anataka kodi yake kila mwezi. Baba yake, mchumaji chai anayelipwa kwa kilo, ndiye atakayejikuta anailipa kodi hiyo ya chombo asichokipanda.

Je, iko nchi iliyoliona jambo hili na kuliandika katika sheria? Iko. Marekani, ambayo askari wake wengi wana magari yao binafsi, ina kifungu cha sheria kinachosema hivi kwa ufupi: askari akipelekwa kwenye operesheni ya dharura, mbali na kituo chake cha kawaida, kwa zaidi ya siku 30 mfululizo, na gari lake lisisafirishwe naye, anaweza kuchagua gari lilazwe kwa gharama ya serikali, mahali palipokubaliwa na wakubwa. Hapigiwi magoti mtu, wala haombwi hisani ofisa wa malipo. Ni gharama iliyoletwa na amri, basi mtoa amri anailipa.

Sheria nyingine ya nchi hiyo, ya mwaka 2003, inakwenda mbele zaidi. Mwenye ghala au gereji anayedai fedha za kulaza mali ya askari hawezi kuiuza mali hiyo wakati askari yuko kazini, wala katika siku 90 baada ya kumaliza utumishi wake, mpaka kwanza apate amri ya mahakama. Kifungu hicho hakikuwekwa kwa urembo. Hata baada ya kuandikwa, makampuni ya kuvuta magari yamekwisha kushtakiwa na serikali ya huko kwa sababu yalipiga mnada magari ya askari waliokuwa mbali. Mtu anarudi kutoka vitani, anakwenda kutafuta gari lake, anakuta limekuwa la mtu mwingine. Hatuwasifu Wamarekani kwa kila jambo, wala vita vyao si vyetu. Tunasema tu kwamba kifungu hiki ni kizuri, na kinafaa kujulikana.

Sasa tuje kwetu. Askari wa Rwanda walianza kwenda Darfur mwezi Agosti 2004 chini ya Umoja wa Afrika. Baadaye wengine wamekwenda Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na mwezi Julai 2021 wengine wakapelekwa Cabo Delgado, Msumbiji, kwa mapatano ya serikali hizo mbili. Safari zote hizo zina watu wanaolipa na watu wanaolipwa. Hapa msomaji atafungua macho.

Umoja wa Mataifa hauna jeshi lake. Unaazima askari kwa serikali, na unazirudishia serikali hizo gharama. Mwaka 2018 kiwango kiliwekwa dola 1,428 kwa kila askari kwa kila mwezi. Fedha hizo zinakwenda serikalini, si mfukoni mwa askari; kila serikali hupanga yenyewe itawapa askari wake kiasi gani. Alichokuwa akipewa askari mkononi na Umoja wa Mataifa wenyewe, kule kule kazini, ni posho ndogo ya kila siku. Kwa miaka mingi posho hiyo ilikuwa dola 1 na senti 28. Tunarudia ili ndugu msomaji asidhani ni kosa la mpiga chapa: dola moja na senti ishirini na nane.

Na magari? Magari ya jeshi yana kitabu kizima. Serikali ikileta lori, deraya au jenereta, inalipwa kodi ya chombo hicho kila mwezi, kwa viwango vilivyoandikwa, na viwango hivyo hupitiwa upya kila miaka mitatu. Ukitunza lori lako mwenyewe, unalipwa zaidi. Ukitunziwa, unalipwa kidogo. Kulisafirisha lori mpaka kazini kuna malipo. Hata rangi imehesabiwa: gari likipakwa rangi nyeupe ya Umoja wa Mataifa, gharama inarudishwa, na likimaliza kazi na kurudishiwa rangi yake ya kijani, gharama hiyo pia inarudishwa.

Tunalisema hili bila ubaya. Ni haki kabisa nchi maskini irudishiwe gharama ya lori lake. Wafanyakazi tunajua kwamba chombo kikitumika kinachakaa. Lakini katika kitabu kile chenye hesabu ya rangi, hakuna mstari hata mmoja wa chombo cha askari mwenyewe kilichobaki kijijini. Lori la jeshi lina mtetezi mezani kila miaka mitatu. Moto ya yule kijana wa Butare haina. Hali kadhalika mwezi Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ulitoa yuro milioni 20 kusaidia kikosi cha Rwanda kilichoko Cabo Delgado, kwa ajili ya vifaa na usafiri wa ndege. Hapo napo fedha zilifuata vifaa.

Jirani zetu wa ng'ambo ya mto Ruhwa walionja jambo kali zaidi. Askari wa Burundi waliokuwa Somalia chini ya Umoja wa Afrika walikuwa wakilipwa posho kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Ulaya ilipogombana na serikali ya Burundi, haikutaka tena fedha zipitie mikononi mwa serikali hiyo, na mwaka 2016 posho zikakwama miezi mingi. Mapema mwaka 2017 ndipo yalipopatikana mapatano ya kuzipitisha katika benki ya biashara. Wakubwa wawili waligombana, na mwenye kulala kwenye handaki Mogadishu ndiye aliyekosa mshahara. Fikiria nyumba iliyobaki nyuma: ada za shule, dawa, na deni la baiskeli au moto.

Wazee wetu wa Rusizi hawatashangaa. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuvuka mto huu wa Rusizi kuwafukuza Wajerumani, yakaendelea mpaka Tabora, ambayo waliiteka Septemba 19 mwaka huo. Mizigo yao haikujibeba. Ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu waliokusanywa njiani, nao waliacha mashamba na mbuzi bila mtu wa kuwaangalia. Mizinga iliandikwa katika vitabu kwa idadi. Mbuzi walioliwa nyuma ya wapagazi hakuna aliyewaandika.

Basi na sisi wa viwandani na mashambani jambo hili linatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni hiyo ya jamaa zetu. Ya pili ni kwamba na sisi hutumwa. Dereva wa lori la simenti hupelekwa mwezi mzima mbali na kwake. Fundi mitambo huhamishwa kutoka kiwanda cha chai hiki kwenda kile. Anapanga chumba kipya huku chumba cha zamani bado kina vitanda vyake na kodi yake inakwenda. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inasema mfanyakazi akiachishwa kazi mahali pasipo pale alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe yeye na vitu vyake mpaka huko alikoajiriwa, au alipe gharama hiyo. Na kwa siku zote anazokaa akingoja usafiri, alipwe posho ya kujikimu. Wafanyakazi wa Tanzania wamekwenda mahakamani mara nyingi kwa kifungu hicho. Neno linalotufurahisha pale ni "vitu vyake". Sheria imetambua kwamba mtu ana kitanda, ana sufuria, ana baiskeli, na kwamba vitu hivyo havina mabawa.

Kwa hiyo, wajumbe wetu watakapokaa na waajiri kuzungumza mapatano ya pamoja, tunawashauri waangalie kama mahali panaposemwa "uhamisho" au "kazi ya nje ya kituo" pana neno juu ya mali inayobaki. Kama hapana, waombe liwekwe: siku ngapi mbali, kiasi gani kwa mwezi, na risiti gani itakubaliwa. Mwajiri atasema ni gharama ndogo isiyostahili kuandikwa. Kama ni ndogo, aandike.

Na kwa jamaa wa askari, tunaongeza neno la kazi za mikono. Kabla hajaondoka, mwenye moto na mwenye nyumba itakapolazwa waandikiane karatasi mbele ya shahidi: namba ya chombo, hali yake, bei ya mwezi, nani analipa, na kwamba haiuzwi wala haikodishwi bila idhini yake. Nakala moja abaki nayo mama au mke. Cheti cha chombo na cha bima visiachwe ndani ya moto. Petroli imwagwe, betri ifunguliwe na kuwekwa pakavu, moto isimamishwe kwa stendi kubwa ili matairi yasikae chini na uzito. Kila malipo ya kodi yapewe risiti, hata kama mwenye nyumba ni mjomba. Na risiti hizo zihifadhiwe pamoja na ile karatasi, kwa sababu siku serikali yoyote itakapokubali kurudisha gharama hizi, jambo la kwanza karani atakalouliza ni risiti.