Reli moja, wenye treni wengi: nani apite kwanza, nani alipe?

Mwezi wa sita mwaka 2024, siku kadhaa mfululizo, maelfu ya wafanyakazi wa New York waliotaka kurudi nyumbani New Jersey walikwama katika kituo cha Penn Station. Nyaya za umeme zilizo juu ya reli zilikuwa zimeharibika. Treni zilisimama njiani, nyingine zikafutwa. Watu walisimama na mizigo mikononi, macho yao kwenye ubao wa saa, na joto likizidi kupanda.

Wengi wa abiria hao walikuwa na tiketi za NJ Transit, shirika la jimbo la New Jersey linalosafirisha watu kwenda kazini asubuhi na kuwarudisha jioni. Lakini nyaya zilizoharibika hazikuwa za NJ Transit. Zilikuwa za Amtrak, kampuni ya taifa ya Marekani inayobeba wasafiri wa mbali. Treni ya umeme inayotumia waya wa juu ina mkono juu ya paa unaogusa waya na kuvuta umeme. Swali likawa: je, ni waya wa zamani wa Amtrak uliokatika wenyewe, ama ni mkono wa treni za NJ Transit uliouvuta? Mwishoni mashirika yote mawili yalikubali kukagua vyote viwili, waya na mikono.

Abiria hawakungoja jibu. Tarehe 1 mwezi wa saba, siku chache tu baada ya fujo hizo, nauli ya NJ Transit ilipanda kwa asilimia 15. Walilipa zaidi kwa treni ambayo mwenyewe hana mamlaka juu ya reli inayopitia.

Ugomvi huu si wa siku moja. Katika nchi tajiri kama Marekani, watu wamebishana juu yake kwa karibu miaka 50. Na kwa sisi wa Kongo, ambako reli ni moja na wanaoitaka wanaongezeka, unafaa kusikilizwa.

Njia ya kilomita 735

Njia yenyewe inatoka Washington, inapita Baltimore, Philadelphia, New York na New Haven hadi Boston. Ni kilomita 735 hivi. Kabla ya janga la COVID-19, treni zaidi ya 2.000 zilipita humo kila siku, zikibeba watu wapatao 800.000. Walio wengi kati yao hawasafiri mbali. Ni wafanyakazi, wanafunzi na wauguzi wanaokwenda mjini na kurudi. Mashirika manane ya treni za kila siku yanatumia njia hiyo pamoja na Amtrak.

Ilifikaje huko? Zamani reli hiyo ilikuwa ya makampuni ya watu binafsi. Kubwa kati yao, Penn Central, ilifilisika mwaka 1970. Amtrak ilianza kazi tarehe 1 mwezi wa tano mwaka 1971 ili kuokoa treni za abiria wa mbali, na mwaka 1976 ikapewa sehemu kubwa ya njia hii. Treni za kila siku zilibaki kwanza mikononi mwa kampuni nyingine, kisha mwaka 1983 mashirika ya majimbo yakazichukua. Tangu hapo picha ni hii: mwenye nyumba ni mmoja, lakini wapangaji ni wengi kuliko yeye, na wapangaji ndio wanaojaza vyumba.

Tena si kila sehemu ni ya Amtrak. Kati ya New Rochelle na New Haven, reli ni ya majimbo ya New York na Connecticut, na Metro-North ndiyo inayoongoza treni. Katika Massachusetts reli ni ya jimbo. Kwa hiyo Amtrak ni mwenye nyumba hapa, na kilomita chache mbele inakuwa mgeni anayebisha hodi.

Jeep nyuma ya chukudu

Asiyejua reli anaweza kuuliza: treni zote ni za abiria, zinagombania nini?

Mtu wa Goma ataelewa haraka. Fikiria barabara nyembamba inayopanda, mbele kuna chukudu iliyojaa viazi, nyuma yake jeep yenye haraka. Jeep ina nguvu, lakini haina pa kupita. Barabara ile ingebeba jeep nyingi kama zingekuwa jeep tupu, ama chukudu nyingi kama zingekuwa chukudu tupu. Zikichanganyika, wote wanachelewa.

Ni vile vile kwenye reli. Treni za haraka za Acela zinaweza kufika kilomita 240 kwa saa na zaidi, na zinasimama katika miji mikubwa tu. Treni ya kila siku inasimama kila baada ya kilomita chache, watu wanashuka, wengine wanapanda. Ili Acela isikwame, ni lazima iachiwe nafasi kubwa mbele yake, na nafasi hiyo ingetosha kupitisha treni mbili ama tatu za wafanyakazi. Sasa weka watu kwenye mizani: upande mmoja mamia ya wasafiri waliolipa tiketi ghali, upande wa pili maelfu waliolipa tiketi ya mwezi. Nani angoje?

Marekani ina sheria inayosema treni ya abiria ya Amtrak ipewe njia mbele ya treni ya mizigo. Lakini sheria hiyo inahusu mizigo. Haikati ugomvi wa abiria na abiria. Hapo kinachoamua ni mkataba, ratiba, na yule anayekaa mbele ya mashine za kuongoza treni. Treni ikichelewa dakika 10, ni yeye anayechagua ipi isimame. Na mpangaji anayesimamishwa huwa na shaka moja tu: mwenye nyumba amempitisha mtoto wake kwanza.

Matundu mawili ya mwaka 1910

Mahali panapouma zaidi ni chini ya mto Hudson. Treni zote zinazoingia Penn Station kutoka New Jersey zinapita katika matundu mawili tu, yaliyofunguliwa mwaka 1910. Saa ya asubuhi hupita treni 24 kwa saa, na nyingi ni za NJ Transit. Mwaka 2012 tufani ya Sandy ilijaza matundu hayo maji ya chumvi, na chumvi hiyo ingali inakula saruji na nyaya.

Mwaka 2010 gavana wa New Jersey wa wakati huo, Chris Christie, alifuta mradi wa kuchimba njia mpya chini ya mto, akisema gharama itazidi uwezo wa jimbo lake. Miaka saba baadaye treni mbili ziliacha reli ndani ya Penn Station kwa muda usiofika wiki mbili, moja mwezi wa tatu, nyingine mwanzoni mwa mwezi wa nne. Baada ya ajali ya pili, reli 8 kati ya 21 za kituo zilifungwa kwa siku kadhaa. Christie akaamuru NJ Transit isimamishe malipo yake kwa Amtrak mpaka reli zikaguliwe. Amtrak nayo ikatangaza matengenezo makubwa wakati wa kiangazi, na treni zikapunguzwa. Gavana wa New York, Andrew Cuomo, alikiita kiangazi cha jehanamu.

Mpangaji anasema: silipi mpaka utengeneze nyumba. Mwenye nyumba anajibu: nitatengeneza na nini kama hulipi? Anayelala nje ni abiria.

Kanuni ya kugawana gharama

Hata hivyo kuna kitu kilichofanyika vizuri. Mwaka 2008 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyounda tume ya njia hiyo. Ndani yake kuna Amtrak, wizara ya usafiri, majimbo 8 na mji wa Washington. Tume ilipewa kazi ngumu: kutunga kanuni moja ya kugawana gharama. Kabla yake kila shirika lilikuwa na mkataba wake, mwingine wa zamani sana, na wawili wanaotumia reli ile ile hawakulipa sawa.

Kanuni ilianza kutumika mwaka 2015. Msingi wake ni mwepesi: kila mmoja alipe kwa kipimo cha anavyotumia. Treni ngapi, maili ngapi, mabehewa mangapi. Gharama za kila siku zimo, na pia pesa za kubadilisha vitu vilivyozeeka.

Lakini kanuni nyepesi inaweza kuleta machungu. Massachusetts walishtuka. Reli ni ya jimbo lao, na kwa makubaliano ya zamani Amtrak iliipitia bila kodi, nayo ikaitunza na kuongoza treni. Sasa kwa hesabu mpya shirika lao la MBTA, lenye treni nyingi zaidi, likatakiwa kulipa pesa kwa matumizi ya reli ya nyumbani kwake. Mwanzoni mwa mwaka 2016 MBTA ilikwenda mahakamani.

Chicago nako walivutana. Kituo kikubwa cha Union Station ni cha Amtrak, lakini wanaokijaza kila siku ni abiria wa shirika la Metra. Mkataba wao ulipomalizika mwaka 2019, hawakuelewana juu ya bei, na wakapeleka shauri mbele ya halmashauri ya serikali inayosimamia mambo ya reli.

Kutengeneza ni kufunga

Ugomvi mpya zaidi uko upande wa pili wa New York, chini ya East River. Huko kuna matundu manne, nayo ya mwaka 1910. Mawili yaliharibiwa na Sandy. Mwezi wa tano mwaka 2025 Amtrak ilifunga moja kabisa ili ilitengeneze upya, na kazi ya yote mawili imepangwa kwenda hadi mwaka 2027. Viongozi wa New York walipinga. Walitaka kazi ifanywe usiku na siku za mwisho wa juma, ili treni za Long Island zisikose njia kama tundu jingine litapata shida. Amtrak ilisema kutengeneza vipande vipande hakutoshi, ni lazima kila kitu kitolewe na kuwekwa kipya.

Pande zote mbili zina sababu. Ukifunga kabisa, unamaliza kazi vizuri lakini unabaki bila akiba. Ukifanya usiku tu, watu wanasafiri lakini kazi inakuwa ya miaka na miaka.

Karibu na hapo, mtaa wa Bronx unangoja vituo vinne vipya. Metro-North inataka kupitisha treni zake kwenye reli ya Amtrak hadi Penn Station. Kazi ilianza mwaka 2022, na ilitarajiwa kwisha mwaka 2027. Sasa tarehe imesogezwa hadi mwaka 2030. Wakubwa wa New York wanasema Amtrak haikuwapa mafundi muda wa kutosha kwenye reli. Amtrak inakataa lawama hiyo. Wakazi wa Bronx, ambao kuna wanaopanda basi na metro zaidi ya saa moja kufika kazini, wataendelea kungoja.

Na sisi je?

Kwetu hakuna Acela. Lakini swali limeshafika. Treni ya mjini ya Kinshasa inatumia reli ile ile inayokwenda Matadi, iliyofunguliwa mwaka 1898. Kule Katanga, reli ya SNCC kutoka Kolwezi hadi Dilolo ndiyo mlango wa kwenda Lobito, Angola, na dunia nzima inaitazama kwa sababu ya shaba na kobalti. Marekani yenyewe imeweka pesa upande wa Angola, na mwezi wa kumi na mbili mwaka 2024 rais Joe Biden alifika Lobito. Kwenye njia ya Kalemie, Kabalo na Kindu, behewa la mama anayepeleka unga sokoni na behewa la mizigo mikubwa yanafuata chuma kile kile, na ni njia moja tu: treni mbili zikikutana, moja lazima isimame kituoni ingoje nyingine.

Kwetu mpinzani wa abiria ni mizigo kuliko abiria mwenzake. Lakini mambo ya kuandika kwenye mkataba ni yale yale. Nani mwenye reli? Nani anaongoza treni, na nani anamkagua huyo anayeongoza? Treni zikigongana saa, ipi inapita? Kila mtumiaji analipa kwa kipimo gani, na pesa hizo zinarudi kwenye reli ama zinapotelea bironi? Njia ikifungwa kwa matengenezo, msafiri anapewa nini badala yake?

Wamarekani waliweka reli kwanza, ugomvi ukaja, sheria ikafuata miaka 32 baada ya Amtrak kupewa njia ile. Hata leo kanuni ipo na bado wanashitakiana. Hapa kwetu mikataba ya reli inajadiliwa wakati huu, na wenye mizigo wana wanasheria wanaowasemea. Mama wa unga pale Kabalo hana mwanasheria. Kama haki yake ya kupita haitaandikwa sasa, wakati shaba bado inapakiwa, basi siku treni mbili zitakapokutana, tunajua tayari ni ipi itakayosimamishwa.