Kitimoto cha Kichina na ganda lisilotaka kulowa

Msomaji wetu wa Ipagala, hapa Dodoma, anauliza: kitimoto chake cha tamu na chachu, alichojifunza kwenye video za wapishi wa Kichina, kinatoka karaini kikavu kinalia. Kikikutana na mchuzi, kabla watu hawajamaliza kunawa, ganda limeshalowa chepechepe. Tatizo ni nini?

Habari za kukata nyama, tangawizi na vipimo vya siki na sukari naziruka. Hata Guangdong, kusini mwa China, chakula hiki kilikotoka, kila mpishi ana vyake. Mimi roho yangu iko kwenye ganda.

Wanga wa mahindi, ule unga mweupe unaolia ukiubana vidoleni, ni chembechembe zilizofungasha minyororo mirefu ya sukari. Zikipata maji na joto la nyuzi 62 hadi 72 hivi, huvimba na kunata. Ndani ya mafuta ya nyuzi 170 maji hayo huchemka. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kwetu yanachemka kwenye nyuzi 96 tu, si 100 kama Tanga. Mvuke unaotoka ndio ule mlio wa karai, na njia unazopita ndizo vitundu vya ganda. Maji yakiisha, minyororo inakosa pa kutelezea, inakwama ilivyo, shaghalabaghala. Wanafizikia huiita hali ya kioo. Mimi nasema ukioo, mhariri akinuna anune. Chenye ukioo hakipindi, kinavunjika, ndiyo raha ya meno.

Chukua ukuta wa tembe la Kigogo. Tope lililokandwa kwa miguu likikaushwa na jua la Julai, ukiligonga kwa panga linalia. Mvua za Desemba zikija, maji yanajipenyeza katikati ya chembe za udongo, chembe zinateleza, ukuta unabonyea kwa kidole. Udongo ni ule ule, kilichoongezeka ni maji. Ganda nalo ni vivyo hivyo: maji yakirudi, minyororo inateleza tena na ukioo unapotea. Wala si lazima paa livuje: unyevu hupanda pia kutoka msingini, na ukuta ukaliwa kimyakimya kwa chini huku mwenye nyumba anakagua paa.

Nyama ndiyo msingi huo. Ukiepua vipande, maji yake yanaanza kuhamia kwenye ganda hata kabla ya mchuzi. Ndiyo maana hukaangwa mara mbili: epua, acha kama dakika tano unyevu upande, kisha rudisha kwenye mafuta ya nyuzi 190 kwa dakika moja hivi. Sikiliza: mlio unaanza kwa kishindo, unafifia, mapovu yanakuwa madogo. Epua hapo hapo.

Mchuzi nao uwe mzito kwanza, kwa sababu maji yaliyoshikwa na wanga na sukari hupenya polepole. Ila wanga wake utie mwishoni. Ukichemka muda mrefu pamoja na siki au ukwaju, asidi hukata minyororo na mchuzi unarudi kuwa mwepesi. Zima moto, changanya, geuza mara mbili tatu, peleka mezani.

Nyama iive mpaka ndani, tegu wapo. Asiyekula nguruwe atumie kuku. Na wageni wakichelewa, mchuzi ubaki bakulini, kila mtu achovye mwenyewe.