Apolo wa Boga: Mtumishi Aliyejifunza Mpaka Mwisho

Soma kwanza: Matendo ya Mitume 18:24-28 na 2 Timotheo 4:13



Katika makanisa yetu ya Masisi na Walikale tunawajua ndugu wa namna mbili. Wa kwanza ameitwa na Mungu, anahubiri na watu wanaokoka, lakini hakumaliza hata shule ya msingi. Vita ilimkuta darasa la tatu. Familia ikakimbia, ikarudi, ikakimbia tena. Leo anaona haya kusimama mbele ya watu wenye diploma. Wa pili naye hakusoma, lakini anajivunia jambo hilo. Anasema Roho atampa maneno, na Biblia yake haifunguliwi mpaka afike kwenye mimbari.

Tunataka kuwajibu wote wawili kwa maisha ya mtumishi mmoja aliyefanya kazi hapa hapa mashariki ya Kongo, huko Boga katika Ituri. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Hakuwa Mpentekoste, alikuwa wa kanisa la Anglikana. Lakini aliyemtuma ni Bwana yule yule tunayemtumikia sisi.

Msomaji

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Katika ujana wake alikuwa askari. Siku hizo huko Buganda Wakristo waliitwa "wasomaji", kwa sababu mtu aliyetaka ubatizo alijifunza kwanza kusoma Neno. Hakuna aliyeuliza kama ana miaka saba au thelathini. Wazee waliketi na watoto juu ya mkeka mmoja, wakifuata herufi kwa kidole.

Hivyo ndivyo Apolo alivyopata elimu. Alibatizwa mwaka 1895, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi. Jina lake ni la yule Apolo wa Matendo ya Mitume, mtu hodari katika Maandiko ambaye hata hivyo alikubali kuketi nyumbani kwa Akila na Prisila, fundi wa hema na mke wake, ili afundishwe vizuri zaidi. Jina la Kivebulaya maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya koti la Kizungu alilokuwa akivaa.

Hakungoja kujua yote ndipo aanze kazi. Mwaka ule ule wa ubatizo alikwenda Toro kama mwalimu wa kanisa. Mwisho wa mwaka 1896 alivuka milima ya Ruwenzori na bonde la Semliki, akafika Boga.

Mashitaka na gereza

Boga haikumpokea kwa nyimbo. Alikuwa mgeni, tena mgeni aliyetoka upande wa watawala wapya, na watu walikuwa na sababu ya kumwogopa. Mwami Tabaro alichukizwa na mafundisho yake juu ya pombe na wake wengi, akakataza watu wasimpe chakula. Apolo alilima mwenyewe, akaendelea kufundisha wachache waliothubutu kuja.

Kisha likatokea jambo baya. Mwanamke wa jamaa ya mwami aliangukia mkuki uliokuwa katika majani marefu, akafa. Apolo alishitakiwa kwamba amemwua. Alipigwa, akapelekwa Toro, akafungwa gerezani.

Wengi wetu tunajua uchungu wa kusingiziwa. Huku kwetu neno moja la uongo juu ya mtu laweza kuchoma kijiji. Apolo angeweza kutoka gerezani na chuki moyoni. Lakini alishuhudia kwamba katika taabu ile alimwona Bwana Yesu katika maono, aking'aa kama jua, akimwambia asiogope, aendelee kuhubiri. Alipoonekana hana hatia, hakurudi kwao Buganda. Alirudi Boga kwa watu wale wale waliomshitaki. Na Tabaro, yule mwami aliyemnyima chakula, aliamini naye akabatizwa.

Kanisa lilimweka kuwa shemasi mwaka 1900, na kuwa kasisi mwaka 1903. Hakuoa maisha yake yote.

Daftari na lugha ya msituni

Apolo alikuwa na desturi ya kuandika. Alitunza shajara kwa Kiganda: safari zake, watu aliowafundisha, magonjwa na maombi. Daftari hizo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Yeye aliyejifunza herufi akiwa mtu mzima ndiye aliyetuachia habari za kanisa changa kwa mkono wake mwenyewe.

Mipaka ilipopangwa upya kati ya Waingereza na Wabelgiji, Boga ikabaki upande wa Kongo. Apolo hakuuangalia mpaka, aliangalia kundi. Akarudi kuishi Boga mpaka kufa kwake.

Tangu mwaka 1921, akiwa karibu miaka sitini, aliitikia wito mwingine. Aliona katika ndoto kwamba Bwana anamtuma kwa Wambuti wa msituni. Tunajua namna Wambuti wanavyodharauliwa, hata leo, hata huku Walikale. Kuna nyumba ambamo hawapewi kikombe wanachonywea wengine. Kuna makanisa ambamo wanaketi mwisho.

Apolo hakuwaambia wajifunze kwanza lugha yake ndipo wasikie Injili. Yeye, mzee, aliingia msituni akawa mwanafunzi tena. Aliwauliza maneno, akayaandika, akatafsiri Injili ya Marko katika lugha yao. Kalamu aliyoipata katika darasa la wasomaji ilifika kwa watu ambao wengine waliwaona hawastahili hata shule.

Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza kichwa chake kaburini kielekezwe magharibi, upande wa msitu, wala si mashariki kwenye nchi yake ya Buganda. Kazi aliyoiacha huko ilikuwa haijaisha. Mwaka 1972 jimbo la Anglikana katika nchi yetu liliwekwa hapo Boga, mahali ambapo mtu mmoja alinyimwa chakula.

Hakuwa peke yake

Mungu amewatumia wengi wa namna hii. Kati ya Wamethodisti wa zamani alikuwako Adam Clarke wa Ireland. Utotoni alionekana mzito wa kuelewa, kisha akawekwa kufanya kazi kwa muuza vitambaa vya kitani. John Wesley alimtuma kuhubiri angali kijana. Clarke alijifunza Kiebrania na lugha nyingine nyingi kwa bidii yake mwenyewe, na kwa muda wa miaka arobaini hivi aliandika maelezo ya Biblia nzima, huku akiendelea kuhubiri. Naye mtume Paulo alipokuwa amefungwa, karibu na kufa, aliomba aletewe joho na vitabu.

Sasa tuwajibu ndugu zetu

Kwa ndugu anayeona haya: kukosa shule hakufuti wito wako. Petro na Yohana walionekana mbele ya baraza kuwa watu wasio na elimu, lakini ilijulikana kwamba walikuwa pamoja na Yesu (Matendo 4:13). Usingoje diploma ndipo umtumikie Mungu. Tafuta mwana wa kanisa anayejua kusoma, hata kama ni mtoto wako, muketi pamoja jioni na kufuata mistari kumi ya Marko. Nunua daftari moja. Andika ulichohubiri, uliyemwombea, na Bwana alivyojibu. Kama vita itachukua daftari, anza lingine.

Kwa ndugu anayejivunia kutosoma: Roho aliyemwonyesha Apolo maono ndiye aliyempa pia uvumilivu wa kuketi na kitabu. Maono hayakumfanya aache kujifunza. Yalimpa sababu ya kujifunza zaidi. Kondoo wanaolishwa kila Jumapili maneno yale yale wanakonda.

Na kwa sisi sote: tujiulize elimu yetu inaelekea kwa nani. Apolo alijifunza lugha ya watu waliodharauliwa. Kati ya Masisi na Walikale wanaishi wasemaji wa Kihunde, Kinyanga, Kikumu, Kitembo, Kinyarwanda na wengine. Ni wangapi kati yetu tunaoweza kumwombea mgonjwa wa kabila tunaloliogopa kwa lugha ya mama yake? Anza na salamu. Kisha jifunze kusema kwamba Yesu anampenda. Tunaamini neno hilo dogo, likisemwa kwa lugha ya jirani, laweza kutuliza moyo ambao hotuba nyingi za amani hazikuufikia.

Tuombe: Bwana, utuondolee haya na kiburi. Utupe sikio la mwanafunzi mpaka siku ya mwisho, na utupeleke kwa mtu yule ambaye hatukutaka kumwendea. Amina.