Watazamaji Wamerudi Kiwanjani

Ndugu msomaji, mwenyeji wa Isikizya akitaka kuona mpira wa Ligi Kuu hana budi kusafiri. Makao makuu ya Wilaya ya Uyui yako hapa, lakini kiwanja kikubwa, kile cha Ali Hassan Mwinyi, kiko Tabora mjini. Basi siku ya mpira utaona vijana wamevaa jezi tangu asubuhi, wawili wawili nyuma ya pikipiki, na wazee wenye heshima zao wakigombania nafasi katika basi dogo kama watoto wa shule. Wako wanaosema kwamba ni upuuzi kutoa nauli na kiingilio kwa ajili ya dakika 90. Mimi siwalaumu, ila nawaomba wangoje kidogo, nasi tukumbuke pamoja habari za mwaka ule viwanja vilipofungwa.

Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa katika nchi yetu, huko Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu, Bwana Kassim Majaliwa, akafunga shule na kuzuia mikusanyiko ya watu, na michezo pia, kwa siku 30. Watu wengi walinung'unika. Walisema, ugonjwa wa mapafu na mpira wa miguu vina udugu gani?

Udugu upo, tena wa karibu. Tarehe 19 Februari mwaka huo huo timu ya Atalanta, ya mji wa Bergamo nchini Italia, ilicheza na Valencia ya Hispania. Watu zaidi ya 40,000 walikusanyika katika kiwanja cha San Siro mjini Milan, na wengi wao walitoka Bergamo kwa mabasi na magari moshi. Atalanta ilifunga mabao manne, na kila bao watu walikumbatiana na kupiga kelele usoni mwa jirani zao. Majuma machache baadaye hospitali za Bergamo zilijaa wagonjwa hata majeneza yakachukuliwa na magari ya jeshi. Mpira peke yake haukuleta msiba ule, lakini waganga wengi waliutaja kuwa moja ya sababu zake.

Na sisi watu wa Unyamwezi twapaswa kuelewa jambo hili upesi kuliko wengine. Babu zetu walikuwa wapagazi. Njia ya misafara toka Bagamoyo kupita Tabora mpaka Ujiji ilipitisha pembe, chumvi na nguo, lakini ilipitisha na ndui na kipindupindu vile vile, maana ugonjwa hauna miguu yake, watumia ya watu. Mahali watu wengi wanapokutana na kisha kutawanyika kila mmoja kwake, ndipo ugonjwa unapopata wapagazi.

Basi mpira ukasimama. Majirani zetu wa Burundi waliendelea kucheza mwezi wa Machi wakati karibu dunia nzima imesimama, hata watu wa mbali ambao hawakuwahi kusikia jina la timu hata moja ya Bujumbura wakaanza kufuata matokeo yao. Huku kwetu, aliyeumia kwanza hakuwa mchezaji mwenye mshahara. Ni mama auzaye karanga na mayai ya kuchemsha mlangoni, ni kijana wa pikipiki, ni mwenye kibanda cha kuonyesha mpira katika televisheni. Huyo wa kibanda alifungiwa mara mbili: hana watu wa kukusanya, wala hana mpira wa kuwaonyesha.

Ulaya walikuja na shauri jingine, yaani kucheza bila watazamaji. Ujerumani walianza tarehe 16 Mei 2020, na Uingereza tarehe 17 Juni. Mjini Mönchengladbach walipanga vitini picha za mashabiki zilizokatwa katika karatasi ngumu, maelfu kwa maelfu, zikitabasamu tu hata timu ikifungwa. Wataalamu walipohesabu matokeo waliona jambo la ajabu. Katika Ujerumani, timu iliyo nyumbani ilikuwa ikishinda zaidi ya mara nne katika kila michezo kumi. Bila watu ikashinda kiasi cha mara tatu tu. Tena marefa, ambao zamani walikuwa wepesi kuwaonyesha kadi wageni, wakaanza kuwapima wote kwa mizani moja. Kumbe kelele zetu zilikuwa zikimwingia refa masikioni miaka yote hiyo! Mwenye kusema kwamba mtazamaji hachezi, na aitazame hesabu hiyo.

Kwetu mambo yalikwenda kwa namna yake. Tarehe 21 Mei 2020 Rais Magufuli alitangaza kwamba michezo itarudi tangu tarehe 1 Juni, na tarehe 13 Juni Ligi Kuu ikaanza tena. Siku hiyo Yanga ilicheza na Mwadui katika kiwanja cha Kambarage, Shinyanga, ikashinda bao 1 kwa 0. Watazamaji waliruhusiwa kwa masharti: kunawa mikono mlangoni, kuvaa barakoa na kukaa mbalimbali. Kunawa walinawa. Kukaa mbalimbali ni jambo jingine. Huko Dodoma, baada ya JKT Tanzania kucheza na Yanga mwezi huo huo, Serikali iliamuru timu hiyo icheze nyumbani bila watazamaji, kwa kuwa masharti yalivunjwa.

Hapa sharti niseme wazi. Hesabu ya wagonjwa iliyotangazwa mara ya mwisho wakati ule ilikuwa ya mwaka 2020, watu 509, na waliokufa 21. Toka hapo hatukupewa nyingine kwa muda wa zaidi ya mwaka. Kwa hiyo kijana aliyetoka kiwanjani akarudi kwa bibi yake kijijini hakuwa na njia ya kujua anamchukulia nini. Furaha ya kurudi ilikuwa ya kweli, nami siitukani. Lakini mtu kutembea gizani akafika salama si sawa na mtu kuonyeshwa njia. Chanjo ilianza kutolewa nchini tarehe 28 Julai 2021, alipochanjwa Rais Samia Suluhu Hassan mbele ya watu.

Kabla ya hapo, tarehe 23 Februari 2021, Simba iliifunga Al Ahly ya Misri bao 1 kwa 0 mjini Dar es Salaam, mfungaji akiwa Luis Miquissone. Ruhusa ilikuwa ya watu 30,000, nusu ya kiwanja. Walioisikiliza redioni watakubali kwamba nusu hiyo ilipiga kelele za kiwanja kizima.

Kurudi kuna hatari nyingine pia, isiyo ya kikohozi. Tarehe 24 Januari 2022, Kamerun ilipocheza na Komoro mjini Yaoundé, watu 8 walikufa kwa kukanyagana nje ya kiwanja cha Olembe. Mlango uliopaswa kuwa wazi ulikuwa umefungwa. Baba na mama, mkienda na mtoto, fikeni mapema, mshikeni mkono, mwonyesheni mlango wa kutokea kabla ya mpira kuanza, na mpira ukiisha kaeni kwanza mpaka msongamano upungue. Basi dogo likiwaacha, jingine litakuja.

Kwa watu wa Tabora, kurudi kwenyewe kulichelewa. Tangu Rhino Rangers iliposhuka daraja mwaka 2014 hatukuwa na timu ya Ligi Kuu, basi korona ilipokwisha kupoa sisi tulikuwa tungali tukitazama mpira wa wengine. Mwaka 2023 ndipo Tabora United ilipopanda. Ilianza vibaya kabisa: mwezi wa Agosti ilikwenda kwa Azam na wachezaji 8 tu, ikafungwa 4 kwa 0, na mpira ukavunjika kabla ya nusu ya kwanza kwisha. Lakini tarehe 7 Novemba 2024 timu hiyo hiyo iliifunga Yanga mabao 3 kwa 1 huko huko Dar es Salaam. Mwaka 2025 ikapewa jina la TRA United, nalo ni jambo ambalo wengine wamelipenda na wengine bado wanalitafuna.

Wako hata hivyo wazee ambao tangu mwaka ule wa 2020 hawajakanyaga kiwanjani. Waliacha kwa hofu, kisha wakazoea redio. Kama unaye mzee wa namna hiyo nyumbani kwako, ndugu msomaji, muulize kabla ya mchezo ujao kama angependa kwenda, na ukimchukua, mtafutie kiti cha kivulini, karibu na mlango.