Inanga Haipigiwi Uwanjani

Mwezi wa saba, mwaka juzi, niliitwa kwenye ukumbi mmoja wa kata huko Ngara nisaidie mitambo siku ya muziki wa asili. Ratiba ilifunguliwa na ngoma. Vijana kumi na wawili, ngoma kumi na mbili, na juu yake spika nne zimefunguliwa hadi mwisho. Vumbi lilidondoka kutoka kwenye kenchi. Watu walishangilia, wakatunza, wakasimama juu ya viti. Kisha emsii akamwita mzee mmoja mwenye inanga. Mzee akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaiweka inanga mapajani, akainamisha kichwa kama anayeisemesha. Alipiga kwa dakika saba. Mimi nilikuwa mita nne tu kutoka kwake na nilidaka maneno machache. Walioketi nyuma walidhani bado anajiandaa, wakaendelea na gumzo lao. Alipoinua mikono, emsii alilazimika kumsogelea na kumuuliza kama amemaliza.

Jioni, tukisubiri gari, mzee yule yule alikaa kwenye baraza nyuma ya ukumbi akapiga tena. Tulikuwa watu wasiozidi kumi na watano, wengine kwenye ngazi, wengine wamechuchumaa. Hakuna aliyekohoa. Kijana mmoja aliyepiga ngoma mchana alikaa karibu kabisa na goti la mzee, akawa anacheka na kutikisa kichwa kila ubeti ulipofika mwisho, maana kumbe habari ilikuwa ya kuchekesha na mchana kutwa hatukulijua hilo.

Tangu siku hiyo siwezi tena kukubali haraka kwamba muziki huu unakufa kwa sababu vijana hawautaki. Yule kijana aliutaka. Mchana hakuusikia, basi. Sasa ninapoona halmashauri, parokia na vikundi vya vijana wakizungumzia msimu wa maonyesho ya muziki wa asili kwenye kumbi za jamii za Ngara na Biharamulo, nafurahi sana, na hapo hapo naingiwa na hofu kuhusu jambo moja: ukumbi wenyewe.

Tuanze na chombo. Wahangaza na Washubi wa Ngara husema inanga, kama Warundi na Wanyarwanda ng'ambo ya mito Ruvubu na Kagera. Wahaya na Wanyambo husema enanga. Ni ubao uliochongwa mfano wa chano kirefu, karibu urefu wa mita moja, wenye meno kwenye ncha zote mbili. Uzi mmoja mrefu, ambao zamani ulikuwa mshipa wa ng'ombe, hupitishwa jino hadi jino, kwenda na kurudi, mpaka zipatikane nyuzi saba, nane au zaidi. Hakuna ngozi iliyowambwa wala sanduku lililofungwa la kuikuza sauti. Ni ule mbonyeo wa ubao tu, na tumbo la mpigaji lililo nyuma yake.

Burundi kuna mtindo wa inanga wa kunong'ona, na ndio unaotufundisha zaidi. Anayenong'ona hawezi kuimba kwa maana ya kawaida: nyuzi za koo lake hazitetemeki, inatoka pumzi peke yake, na pumzi haina noti. Hata hivyo msikilizaji ataapa kwamba amesikia mtu akiimba. Mtafiti wa Marekani, Cornelia Fales, aliyeuchunguza mtindo huu kwa miaka mingi na kuandika juu yake makala maarufu mwaka 2002, alionyesha jinsi sikio linavyodanganyika kwa hiari. Vidole vinafuata kupanda na kushuka kwa maneno, midomo inatoa konsonanti na irabu, na sikio linaviunganisha viwili hivyo kuwa sauti moja ya mwanadamu. Lugha za ukanda huu husaidia, kwa kuwa neno lenyewe lina toni za juu na za chini, hivyo uzi unakuwa na kitu cha kufuata. Lakini gundi inayoviunganisha ni nyepesi mno. Feni ikizunguka au jenereta ikinguruma dirishani, zile "t" na "k" za mnong'ono zinamezwa, na wimbo unavunjika vipande viwili: hapa nyuzi, pale mzee anayepumua.

Ndiyo maana chombo hiki kilikuwa cha chumbani. Wasafiri wa Uingereza, Speke na Grant, walipofika kwa Mtemi Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861 walikikuta katika mazingira ya ikulu. Upande wa Buhaya, Profesa Mugyabuso Mulokozi, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusu tendi za enanga, ametuonyesha jinsi manju kama Habibu Selemani alivyobeba hadithi ndefu za mashujaa na watawala kwa nyuzi hizo. Utendi wa namna hiyo unahitaji watu walioketi karibu, usiku, wasio na pa kwenda. Utawala wa machifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963, wengi tuliona siasa inabadilika. Wachache waliona kwamba inanga imepoteza chumba chake. Baada ya hapo muziki wa asili ulihamia kwenye viwanja: mapokezi ya Mwenge, ziara za viongozi, sherehe za kitaifa. Uwanjani hushinda chenye kishindo, na inanga haikuwa nacho.

Ngoma haikupata shida hiyo, kwani ni mtoto wa uwanja tangu mwanzo. Ngoma kubwa za ukanda wa Burundi, ambazo ndugu zao tunazisikia Ngara, huchongwa kwenye gogo la mringaringa, mti ambao Warundi huuita umuvugangoma, yaani unaoisemesha ngoma. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na ni ufalme pia. UNESCO iliiweka sanaa hiyo ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, na miaka 39 kabla ya hapo Joni Mitchell wa Canada alikuwa ameshaitia rekodi ya ngoma hizo ndani ya wimbo wake. Biharamulo nako, Wasukuma waliohamia na mifugo na mashamba walikuja na ngoma yao ya bugobogobo ya majembe na ushindani wa makundi ya wagika na wagalu, michezo inayohitaji uwanja mpana na watazamaji mamia. Hiyo yote ni mali yetu. Kosa letu ni kuiingiza kwenye chumba kimoja na inanga, kwa ratiba moja, kwa spika zile zile.

Sasa tuingie ukumbini na tochi, tukianza na ukumbi wa mbali. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo mtu hakueleweka: neno lilining'inia hewani sekunde tano na nusu, na yanayofuata yakarundikana juu yake. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kuutibu. Usiku, mji umelala, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakaipanga, wakapuliza bomba la kinanda, wakapima kwa saa sauti inachukua muda gani kufa, kisha wakairudisha mito kabla hakujakucha. Walichokigundua kinatuhusu hapa Ngara neno kwa neno: muda wa mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba, ukigawanywa kwa kiasi cha vitu laini vilivyomo. Na kitu laini cha thamani kuliko vyote ni mwili wa mtu aliyevaa nguo.

Chukua ukumbi wa kata wa kawaida: urefu mita 20, upana 10, kimo 5, kuta za plasta, sakafu ya saruji, bati bila dari. Kwa makadirio ya haraka ya kanuni ya Sabine, ukiwa mtupu na madirisha yamefungwa, sauti hukaa sekunde saba hivi. Fungua madirisha kumi mapana, inashuka hadi nne na nusu, kwa kuwa sauti inayotoka dirishani hairudi. Ingiza watu 200, inakuwa karibu sekunde moja na nusu, ambayo inanga inaweza kuishi nayo. Ingiza watu 60 tu, na umerudi pabaya. Kwa hiyo anayejaribu mitambo asubuhi ukumbi ukiwa mtupu anajidanganya. Na kama hutarajii umati, tandika mikeka na majamvi, ning'iniza vitenge na mablanketi kwenye ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na mpigaji. Akina mama wa jumuiya wataupanga ukumbi huo kwa saa moja, tena ukapendeza.

Jukwaa nalo. Kumbi zetu huweka jukwaa mwisho wa chumba, kama darasa, na viongozi hukaa mbele kwenye makochi. Mtu wa mwisho anakuwa mita 20 kutoka kwenye nyuzi. Sauti inayomfikia msikilizaji moja kwa moja hupungua desibeli sita hivi kila umbali unapoongezeka maradufu, na mnong'ono hauna desibeli za kupoteza. Mketishe mpigaji katikati ya ukuta mrefu, watu wamzunguke pande tatu, watoto mikekani mbele. Aliye mbali kabisa sasa yuko mita 14, na walio wengi wako chini ya kumi. Ukumbi maarufu wa London wa muziki wa utulivu, Wigmore Hall, una viti 550 hivi tu, na tangu mwaka 1901 hakuna aliyeuona mdogo. Sisi 150 watatutosha.

Maiki? Kwa watu 150 na ukumbi uliotandikwa, singeiweka. Ikilazimu, moja tu, karibu na ubao na chini ya kidevu, ili nyuzi na midomo viingie pamoja kwa kipimo alichokichagua mzee. Fundi anayeweka maiki mbili na kuzichanganya atakavyo anaivunja ile gundi niliyoisema.

Kuhusu miezi sina ubishi na mtu. Mkoani Kagera mvua hunyesha takriban Septemba hadi Desemba na Machi hadi Mei, na mvua juu ya bati huzima hata mahubiri. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi: mavuno yameingia, barabara zinapitika, usiku wa vilima vya Ngara una baridi na watu wanapenda kukaa ndani karibu karibu.

Lenye uzito kuliko yote ni mpangilio wa usiku wenyewe. Baada ya kishindo kikubwa, sikio hujikinga na kwa muda husikia kidogo. Wengi mmetoka kwenye harusi mkaona dunia imezibwa pamba. Kumleta mzee wa inanga baada ya ngoma ni kumleta kwa watu ambao kwa nusu saa ni viziwi kidogo. Geuza. Inanga kwanza, kisha ikembe, kinanda cha dole gumba, na umuduri, upinde wenye kibuyu chake, kisha kwaya na nyimbo za harusi, halafu milango ifunguliwe na watu watoke nje, uwanjani, ngoma zinawasubiri chini ya nyota.

Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 wakati wa wakimbizi, inafahamu kurekodi, ikaribishwe mapema. Mpigaji alipwe kabla hajapanda gari la kurudi kwao, na aambiwe wazi rekodi itakwenda wapi, kwani Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inautambua hata muziki wa mapokeo.

Na mwacheni azilinganishe nyuzi zake. Inanga ina uzi mmoja: ukikaza jino la tatu, la nne linalegea, la tano linalifuata. Kazi hiyo inaweza kumchukua dakika kumi, na emsii wetu wengi huingiwa na hofu, wakaweka muziki wa simu kwenye spika kuziba ukimya. Jioni ile barazani hakuna aliyeweka kitu. Mzee aligusa uzi, akasikiliza, akasukuma kidogo kwa dole gumba, akagusa tena, nasi tukajikuta tunasogeza vichwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule kijana wa ngoma akamwambia taratibu kwamba ule wa sita bado uko chini. Mzee akaugusa, akacheka, akaukaza.